Idi ya Milango Miwili

Miaka mitatu mfululizo Idi ilimkuta Shamimu kaunta, akiwafungashia watu soda na biskuti huku pilau ya mama yake ikipoa kule Mahurunga. Mwaka huu, Ramadhani ilipoingia kumi la mwisho, alisema liwalo na liwe. Akabisha ofisini kwa Bwana Zuberi, mwenye supamaketi.

"Bosi, Idi hii tufunge duka. Tuko kumi na wanane, na kila mmoja ana kwao."

Bwana Zuberi alivua miwani. "Unadhani mimi sipendi? Mama yangu kaninunia tangu Idi iliyopita. Lakini nikifunga, wateja wote wanavuka barabara kwenye duka la Valdemar. Mteja akishazoea mlango mwingine, kumrudisha ni kazi."

Shamimu alirudi kaunta mdomo umemshuka. Vania, mwenzake wa kaunta ya pili, akamwambia, "Nikushikie zamu?"

"Wewe mwenyewe Krismasi ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, nawapimia watu mchele wa sikukuu yangu."

Wakacheka, ingawa halikuwa la kuchekesha.

Mchana Shamimu alivuka barabara. Valdemar, ambaye ukoo wake ulitoka ng'ambo ya Ruvuma, alikuwa akipanga madumu ya mafuta ya kula kwa mikono yake.

"Zuberi kakutuma unipeleleze?"

"Shikamoo, Bwana Valdemar. Nimejituma mwenyewe." Akamweleza yote.

Valdemar akaketi juu ya dumu. "Krismasi mke wangu aliniletea chakula kwenye hotipoti, nikala stoo kama mlinzi. Mimi ningefunga, binti yangu. Ila Zuberi atanimeza."

"Naye anasema hivyo hivyo juu yako."

"Anasema?"

"Neno kwa neno."

"Basi aanze yeye."

Shamimu alipeleka jibu. "Aanze yeye," alisema Zuberi. Siku nne Shamimu alivuka barabara ile huku na huko, mpaka Nuru, muuza matunda wa pale njiani, akamuuliza, "Dada, unapeleka posa?"

Siku ya tano uvumilivu ulimwishia. Aliwaita mabosi wote wawili kwenye benchi la Nuru. Walikuja shingo upande, wakaketi kila mmoja na ncha yake.

"Semezaneni wenyewe," alisema Shamimu. "Miguu yangu imechoka."

Zuberi akakohoa. "Na mama aliyeishiwa maziwa ya mtoto siku hiyo, aende wapi?"

Lilikuwa swali la haki. Vania, aliyemsindikiza, ndiye aliyelishika. "Duka la dawa halifungi, na wanauza maziwa hayo. Mengine tubandike tangazo mapema, watu wanunue kabla."

Valdemar akamgeukia Zuberi. "Idi tufunge wote. Krismasi tufunge wote. Utaniibia?"

"Wewe je?"

Wakapeana mikono, kila mmoja akimchungulia mwenzake.

Asubuhi ya Idi, Shamimu alipita mbele ya maduka yale mawili akienda kupanda gari la Mahurunga. Jamaa mmoja alikuwa akitikisa mlango wa chuma na kulalamika kwamba mji mzima hauna barafu. Na kando ya barabara, kumbe, Bwana Zuberi amesimama na kanzu yake mpya, akiutazama mlango wa Valdemar. Mara Valdemar akatokea upande wa pili na kaptula, eti ananyoosha miguu. Macho yakakutana.

"Umekuja kuhakikisha!" Zuberi akapiga kelele.

"Na wewe umekuja kusali hapa?"

Wakacheka hadi yule mtaka barafu akasahau kulalamika. Zuberi akavuka barabara. "Twende nyumbani ukale. Mama akiona nimekuja na mgeni hatanigombeza sana."

Shamimu alifika Mahurunga kabla ya adhuhuri. Mama yake alikuwa jikoni. Alipoinua uso, mwiko ukabaki hewani.

"Wamekufukuza kazi?"

"Hapana, mama. Wamefunga."

"Wamefunga! Duka lile kubwa?" Mama akamtazama juu mpaka chini, kisha akamkabidhi mwiko. "Haya, koroga, nikamwite shangazi yako. Hataamini mpaka akuone."