Ukuta wa Alfani

Kaka yangu Alfani alifariki kwa homa mwaka wa hamsini na nne, pale Msambweni, na katika maisha yake yote hakuwahi kupigwa picha. Mjane wake, wifi yangu Mbeyu, alikaa eda katika chumba cha ndani, amevaa nguo nyeupe, hatoki wala haingii mtu ila mimi niliyempelekea chakula. Hofu yake ilikuwa moja tu. Aliniambia sura ya Alfani imeanza kumponyoka, kwanza masikio, halafu kidevu.

Basi akaanza kupaka ukuta. Hakufundishwa na mtu. Masizi aliyakwangua chini ya chungu, akayachanganya na ute wa bamia yapate kushika. Chokaa na manjano vilikuwepo nyumbani, buluu ya kufulia nilimnunulia dukani, na udongo mwekundu nilimletea kutoka njia ya Kwale, maana wa kwetu ni mchanga mtupu. Brashi yake ilikuwa kipande cha kumbi la nazi kilichopondwa ncha. Pengine alitumia kiganja.

Siku ya kwanza nilipoiona ile kazi nilimtania, "Kaka yangu alioa mke au fundi chokaa?"

"Alioa mwenye kazi," akasema bila kugeuka. "Mumeo ndiye aliyeoa mdomo."

Nikacheka, kisha nikamuuliza ni kitu gani kile, kwa sababu sikuona mtu wala mti wala nyumba. Niliona wekundu umepanda kutoka sakafuni, weusi umeukata, na buluu kidogo sana karibu na dirisha.

Akanieleza kwamba akichora uso atakosea, na uso uliokosewa utaufukuza ule wa kweli. Kwa hivyo hakumchora Alfani. Alichora alivyokuwa akiingia mlangoni amechoka, alivyokohoa kabla ya kuita, na kile kimya chake akiosha miguu. Kila asubuhi aliweka mkono ukutani kwanza, akangoja, na kama hakusikia kitu hakupaka. Siku nyingine aliikwangua kazi yote ya jana. Rangi ikikaa mahali pake, alisema, kifua humtulia.

Siku ya kutoka eda tulimpeleka kwa mamake akaogeshwa, akavikwa leso mpya, akafukizwa udi. Njiani tukirudi aliniambia kwamba leo atamwonyesha mama yetu ule ukuta, kwani mama naye alikuwa akilia kuwa uso wa mwanawe haumjii tena.

Nyumbani walikuwa wamebaki jirani yetu Bi Biasha na wanawake wengine wa mtaani kusafisha, kama desturi yetu: mkeka wa eda hutolewa, na kuta hukandikwa upya ili msiba usibaki ndani. Bi Biasha alitutokea mlangoni, udongo umemfika viwikoni, anatabasamu.

"Mwanangu, tumekuta ukuta umeharibiwa na moshi wa kibatari," akasema. "Tumekukandikia mara mbili."

Mbeyu akaingia, akauweka mkono kwenye ule udongo mbichi, akangoja. Kisha akatoka, akambusu Bi Biasha mikono, akawashukuru wote kwa majina, akawapakulia wali. Hakuna kati yao aliyejua kitu. Bi Biasha aliomba aongezwe mchuzi.

Walipoondoka nikamwambia tutaleta udongo mwingine, aanze upya. Akatikisa kichwa.

"Nilipaka nikimsikia," akasema. "Sasa nasikia maneno ya watu tu. Wewe wifi uliuona kila siku. Niambie ulikuwaje."

Nikamtajia. Wekundu ulivyopanda, weusi ulivyokata, buluu ya dirishani, manjano yalipokolea na yalipofifia. Sikuacha kitu. Alinisikiliza amefumba macho mpaka nikamaliza.

"Siyo huo," akaniambia kwa upole.

Nikaanza tena kutoka pembe ya mlango, polepole zaidi, na safari hii hata mimi nilijisikia nikiusimulia ukuta mwingine.