Msukumo wa Bendeji

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumamosi, bendeji aliyoivua Gahongayire ilipaa kutoka mezani, ikagota dari la karakana mtaani Batsinda, ikabaki hapo. Dennis, mpimaji wa klabu ya roketi, alipanda kiti, akaishusha kwa koleo, akaifunga kwenye mizani. Msukumo ulikuwa nyutoni kumi na tisa.

Klabu ilikuwa na watu watatu na wiki tatu za kuchagua injini kabla ya mashindano. Chupa za maji yenye shinikizo zilikuwa zimefika mita arobaini tu. Injini ya mafuta ya kimiminika ilihitaji vali ambazo hawakuzipata Kigali. Sukari na nitrati vilikuwa na nguvu ya kutosha, lakini mchanganyiko uliwaka sufuriani, juu ya mkaa, kwa sababu mwenyekiti, Gatera, aliona jiko la umeme linachelewesha. Aliyekuwa akikoroga ni Gahongayire, fundi cherehani. Mkono wake wa kulia uliungua hadi kiwiko.

"Basi sukari iliyobaki turudishe kwenye chai," alisema Dennis.

Gatera aliandika bendeji kwenye jedwali kama mfumo wa nne: nyepesi, haihitaji moto. Kasoro ilikuwa moja. Kadiri kidonda kilivyokauka, msukumo ulishuka. Jumatano ulikuwa nyutoni kumi na mbili.

"Dada, hiyo dawa ya kupaka iache kwanza," alisema Gatera.

"Muganga alisema nikiacha, vidole itakufa. Nitashika makasi na nini, chef?" Gahongayire alimuuliza mwenyekiti wake.

"Wiki mbili tu. Tukishinda, klabu inakupeleka hospitali kubwa, wakupandikize ngozi."

"Wewe iko na mikono mbili. Ndiyo maana wiki mbili unaona fupi."

Zahanati ya mtaani, alikotibiwa, haikuwa na huduma ya kupandikiza ngozi. Gahongayire aliacha dawa.

Siku ya mashindano roketi ilibeba bendeji saba. Ilipanda mita elfu moja mia mbili na kumi, ikarudi kwa parachuti. Waamuzi waliuliza aina ya fueli. Gatera alisema pamba, wakaandika pamba. Klabu ilishika nafasi ya kwanza.

Jumanne iliyofuata, saa tatu asubuhi, hospitali kubwa ilimpokea Gahongayire. Hakupandikizwa ngozi. Daktari alimkata vidole vitatu.

Saa kumi jioni Gatera alifika na maziwa, Dennis na mizani. Muuguzi alivua bendeji ya upasuaji, akamkabidhi Dennis. Aliipima kando ya kitanda: nyutoni sabini na nne. Gatera aliandika kwenye jedwali.