Dawa Isiyotajwa Jina

Bi Sophia alifunua sufuria, akaifunika haraka kama aliyeona nyoka ndani.

"Badria! Nani katia bizari kwenye wali wangu?"

"Bizari ya wapi, mama? Wali mweupe pe, na nazi yake."

Bi Sophia alitazama ukuta wa ua: wa njano. Kanzu ya Awadhi, mpangaji wao, iliyoanikwa kambani: ya njano. Hata paka mweupe wa jirani alipita kama aliyeogeshwa manjano. Na moyo wake, ambao siku hizi ulipiga kisha ukatulia kama mwizi anayesikiliza mlangoni, ukatulia. Ukatulia sana. Ndipo ukagonga tena.

Moyo huo uliugua tangu mwaka jana. Hospitali walimpa dawa ya kupunguza maji miguu isivimbe, na kidonge kidogo cha kuutia moyo nguvu. Alivimeza bila kukosa. Lakini baada ya Idi, wifi yake Mgeni, dada wa marehemu mumewe, akaanza kumletea chupa kutoka kwa muuza mitishamba wa Kariakoo. Chungu, we! Ukinywa, unakaa chooni mpaka magoti yanalegea. Mgeni akasema ndiyo kazi yake, inafagia. Kisha akamwekea mwiko.

"Dawa hii haitajwi, wifi. Kaka yangu aliinywa, akaitaja kwa daktari. Kesho yake tulikuwa tunatandika mikeka ya msiba."

Na kweli mikeka ilitandikwa. Bi Sophia aliikalia mwenyewe, akiwa katika eda. Basi sasa afanyeje? Akisema, atamfuata mumewe. Asiposema, moyo utasahau kugonga.

Badria alipomwona mama yake kashika ukuta, anatapika maji matupu, hakungoja. Alimpigia mwenzake wa Mchikichini amwangalizie meza yake ya viatu vya mtumba, akaita bajaji.

Hospitali alipokelewa na nesi Violeth, na daktari kijana, Tarsis, mtu wa Bukoba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

Walimbandika nyaya kifuani. Tarsis akatazama mashine.

"Mapigo yako chini mno. Macho je? Unaona sawasawa?"

"Njano tupu, baba. Hata wewe wa njano."

Tarsis hakucheka. Alimtazama Violeth, na mtazamo ule ukamtisha Bi Sophia kuliko mashine.

"Kile kidonge kidogo kimezidi mwilini. Unameza zaidi ya ulivyoambiwa?"

"Wallahi, sijazidisha!"

"Basi kuna kitu kingine. Mitishamba? Sikugombezi, bibi. Niambie nijue pa kuanzia."

Bi Sophia aliiona mikeka inatandikwa kule uani kwake.

"Mama, sema basi!" Badria akaangua kilio. "Unataka nikazike?"

Mashine ikakaa kimya, kisha ikalia ti. Mwiko ni kutaja, Bi Sophia akawaza. Kutega je? Kutega si kutaja.

"Kitendawili," akanong'ona.

Tarsis alidhani maradhi yamepanda kichwani. Lakini Violeth, mtoto wa Temeke, aliinama karibu.

"Tega, bibi."

"Mtoto alililia titi. Nikapita mimi, akalikimbia. Si mama aliyemkimbia."

"Pilipili!"

"Pilipili ingemchoma na mama."

"Mimi nimeshindwa. Daktari, toa mji."

"Mji? Haya... chukua Bukoba."

"Sitaki. Mbali, na mimi sina pumzi."

Badria aliacha kulia. Alikumbuka siku alipomwachisha mwanawe kunyonya, na mama yake alivyompaka kitu kichungu titini.

"Shubiri! Mama, unakunywa shubiri?"

Bi Sophia alifumba macho, akangoja kufa.

Moyo ukagonga.

"Ndiyo hiyo," Tarsis akasema, keshageuka kumwagiza Violeth dripu. "Shubiri inakuharisha, dawa ya maji inakukojoza. Chumvi za mwili zinakwisha, na kidonge kilichokuwa kikikusaidia kinageuka sumu. Ungeendelea kunyamaza, bibi, sijui. Hata sasa hatujavuka. Utalala hapa tukuangalie."

Violeth alikuwa anatafuta mshipa. Bi Sophia hakuhisi sindano.

"Baba," akasema taratibu, "mume wangu naye alikuwa akiugua moyo, na vidonge hivi hivi. Wiki ile ya mwisho alikataa maziwa. Akasema nimeyatia bizari."

Tarsis aliurekebisha mpira wa dripu, ingawa ulikuwa sawa.

Simu ya Badria ikaita.

"Shangazi Mgeni huyo. Nimwambieje?"

"Mwambie mama yako hakutaja. Na mwambie hakuna aliyekufa kwa kutaja. Kisha njoo unishike mkono."

Shuka la kitanda lilikuwa jeupe. Badria aliapa ni jeupe. Bi Sophia aliliona la njano bado. Akausikiliza moyo kifuani mwake. Ukagonga. Akakaza vidole vya mwanawe, akangoja pigo la pili.