Mama Atangulie

Gradi alikuwa na jibu moja kwa kila shida ya ukoo wao: "Nitaiandikia skripti." Dada yake mkubwa Perpétue alipompigia simu kutoka kambi ya Nakivale kumwambia kwamba mama yao, Mariette, kavimba miguu na hana hata wa kumchotea maji kule kambini Oruchinga, Gradi hakupoteza muda kwa pole. Alivuta kompyuta palepale ofisini Mbarara, kitambulisho kikimning'inia kifuani kama mtoto anayeogopewa kupotea sokoni.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Ndani ya hifadhidata ya uhamisho wa wakimbizi mlikuwa na prosija, yaani amri ya kuhamisha watu, iliyokwisha kuandikwa. Skripti ya Gradi ilitakiwa kuiita tu na kuikabidhi majina mawili, la anayehama na la mwenyeji wake. Lipi litangulie? Gradi hakufungua maelezo. Maelezo ni ya wanaojifunza. Aliandika kama alivyolelewa Kivu Kusini, ambako mtoto hatajwi kabla ya mzazi: Mariette, kisha Perpétue. Mashine ikakubali, naye akaenda kula rolex, ile chapati ya mayai, ameridhika na nafsi yake.

Kumbe prosija ilitaka mwenyeji kwanza. Kwa hiyo bibi kizee akawa mwenyeji, na aliyehamishiwa Oruchinga ni Perpétue, mume na watoto wote. Shamba lao la maharage, tayari lina maua, likatangazwa kuwa halina mtu.

Kesho yake Perpétue aliingia ofisini na matope ya Nakivale miguuni.

"Gradi, unanifukuza ku fasi yangu?"

"Ni mashine, yaya," Gradi akamwambia dada yake. "Haina adabu."

Goretti, Mnyankole wa meza ya pili na mwandishi wa prosija yenyewe, alicheka bila kuficha. "Banange! Sebo, bwana, mashine iko na makosa gani? Kila kigezo, kila nafasi ya kujaza, mimi nilikipa jina. Wewe ungesema tu huyu mwenyeji, huyu anahama. Hapo unaweza anza na yeyote."

Soni zikamshika Gradi. Akaifuta amri ile, uhamisho wa Perpétue ukabatilika, akaandika upya, safari hii akivitaja vigezo kwa majina. Anayehama: Mariette. Mwenyeji...

"Ngoja," Perpétue akasema. "Hapo pa mwenyeji banaweka nani?"

"Mutu yeyote mwenye nyumba."

"Siye tunalala bote mu chumba moja. Wewe hapa mujini, Nyamityobora, uko na vyumba mbili, na moja umeijaza masipika ya muziki."

Gradi akakohoa. Akaeleza, kwa Kiswahili cha mikutano, kwamba kwa bahati mbaya mfumo haupokei wenyeji wa mjini.

"Inapokea," alisema Goretti. "Ni mimi niliandika."

Hasira ya Perpétue ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kilikuwa uchovu, nao ulimtisha Gradi zaidi. Perpétue alivuta kiti, akaketi kando ya mdogo wake.

"Andika jina yako. Si uko mutoto wake?"

Gradi aliandika kwa kidole kimoja, akakosea, akafuta, akaanza tena. Alipomaliza akauliza, sauti ikiwa chini, mama siku hizi anakula nini.

"Utamuuliza mwenyewe," Perpétue akajibu.