Joto la Asubuhi

Mong'ina aligonga mlango wa mabati mara ya pili, na ndani Nyasuguta hakuitikia. Alikuwa macho, amelala chali, kipimajoto chini ya ulimi. Sista wa kituo cha afya alikuwa amemwambia: kabla ya kuinuka, kabla ya kunywa maji, kabla ya kutamka neno lolote. Ukishasimama, joto la mwili linabadilika na kipimo cha siku hiyo kinakuwa bure.

"Bibi ya Mochama! Jua imetoka. Hata salamu huwezi kujibu?"

Nyasuguta alikaza midomo. Kando yake mumewe alijigeuza, mgongo wake bado una vumbi la shimoni ambalo beseni moja la maji halimalizi.

"Ako na themometa mdomoni, Mama," Mochama akasema kwa sauti ya aibu. "Ngoja kidogo."

"Themometa ya nini? Ako na malaria?"

Mochama angemwelezaje mama yake, tena kupitia mlango, kwamba mkewe anatafuta siku ya kushika mimba?

Mong'ina alikuwa amekuja Masara, kwenye machimbo ya dhahabu, kutoka Kisii kuwatembelea, na alilala kwa jirani, maana mama halali nyumba moja na mwanawe aliyeoa. Kila asubuhi alikuja akakuta mlango umefungwa na mke wa mwanawe kimya. Nyasuguta alipotoka na birika mkononi, alimkuta mama mkwe ameshafunga mzigo wake.

"Chai iko, Mama."

"Kunywa tu. Mimi naenda nyumbani." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililouma. "Mochama ni kijana yangu wa kwanza. Siwezi kuzeeka nikingojea mtu hataki hata kunisalimia. Kuna msichana huko kwetu, wazazi wake nawajua."

Nyasuguta alimtazama mumewe. Mochama aliyatazama mabuti yake, akasema, "Tutaongea, Mama," akachukua tochi na kuelekea shimoni.

Nyasuguta hakwenda kazini. Alikifunga kipimajoto ndani ya kitambaa, akakiweka kifuani pamoja na karatasi ya vipimo, akashika njia ya Suna kwa miguu.

Kwenye kituo cha afya, karani wa dirishani hakumwangalia usoni.

"Risiti ya cost-sharing, ile ada ya matibabu?"

"Nimeitwa na sista. Ni kuonyesha karatasi tu, sio matibabu."

"Sista ndiye serikali? Lipa, ama upishe wengine."

Pesa za mafuta ya taa za wiki hiyo zikaishia pale dirishani. Kisha akaketi kwenye benchi kati ya akina mama wenye watoto migongoni, akisikiliza vile wanavyokohoa, mpaka alipoitwa.

Sista Shamima alikuwa binti wa wenye duka pale mjini Migori, msichana mwembamba aliyevaa ushungi mweupe chini ya kofia ya uuguzi. Ndiye aliyemwazima kipimajoto kile kwa siri, kwa sababu kupima uzazi kwa mashine kulimaanisha kwenda Kisumu, na Nyasuguta hakuwa na njia ya kufika Kisumu. Sasa aliifungua ile karatasi, akaunganisha nukta kwa kalamu, akakunja uso.

"Unaona? Tunataka hapa katikati joto ipande kidogo, halafu ikae juu mpaka ukaribie kuona damu. Hiyo ndiyo inatuambia yai imetoka. Yako haipandi. Inatangatanga tu, mwezi huu na ule mwingine."

"Labda napima vibaya."

"Unalala vizuri?"

"Mikono hutetemeka. Huniamsha."

"Tangu lini?"

"Nimezoea, Sista." Nyasuguta aliificha mikono chini ya leso. "Na ile mimba moja ilishika, ikatoka wakati wa mvua, hiyo nilikuwa sijaanza kupima. Kwa hivyo naweza kushika. Si ndio?"

Shamima alikichukua kipimajoto akakikung'uta ili ahakikishe kinafanya kazi. Ncha ikagonga ukingo wa meza. Kioo kikavunjika, na vitone vya zebaki vyenye rangi ya fedha vikatawanyika sakafuni.

"Ya Allah! Na hii ndiyo ilikuwa imebaki. Ile ingine ni ya watoto."

Nyasuguta alikwisha kupiga magoti. Kazi hii aliijua. Alilowesha kidole kwa mate, akavisukuma vitone taratibu kimoja kuelekea kingine mpaka vikawa tone moja, akalibingirisha kiganjani na kulinyanyua. Alifurahi kidogo, kwa kuwa kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja hapa alikuwa na cha kumsaidia sista.

"Hii hapa. Haijapotea."

Shamima alirudi nyuma hadi ukutani. "Weka chini! Usishike hiyo kitu! Ni sumu!"

"Sista, ni mekyuri tu."

"Unaijua wapi?"

"Si kazini. Kule Masara." Nyasuguta alicheka, akidhani sista anatania. "Bosi hutumiminia kwa karai, tunakanda na ule mchanga tumesaga, mpaka inashika dhahabu. Halafu tunakamua na kitambaa."

"Unakanda na nini?"

"Na mkono."

"Halafu?"

"Halafu inachomwa, mekyuri inaenda na moshi, dhahabu inabaki. Mimi huchomea bosi kwangu."

"Kwako wapi?"

"Kwa jiko."

Nje mtoto alilia. Shamima alikwenda akaufunga mlango, akachukua kipande cha karatasi, akakinga chini ya kiganja cha Nyasuguta lile tone likaangukia humo. Kisha akamvuta hadi kwenye ndoo, akamnawisha mikono mwenyewe, kwa sabuni, akisugua hadi chini ya kucha. Alivyokuwa anasugua aliona jinsi vidole vile vinavyotetemeka ndani ya maji.

"Ndiyo maana sizai?" Nyasuguta akauliza.

"Sijui."

"Niambie tu."

"Kweli sijui, dada. Hapa hatuna cha kupima hiyo. Lakini shuleni tulifundishwa inaingia mwilini, na ule moshi wake ndio mbaya zaidi. Inasumbua mishipa ya fahamu. Mama akiwa na mimba, inapita mpaka kwa mtoto." Akakausha mikono yake kwenye gauni. "Wacha hiyo kazi."

"Nifanye gani?"

Shamima aliinama akaanza kufagia vipande vya kioo.

"Basi nipee glavu," Nyasuguta akasema.

"Glavu?" Sista akaonyesha dirishani. Uani, kwenye kamba ya nguo, glavu za chumba cha kujifungulia zilikuwa zimeanikwa zikauke, zimeshafuliwa mara nyingi mpaka zimekuwa za njano. "Hizo ndizo tunazo."

Alirudi Masara jua likiwa kali. Vinu vya kusagia mawe vilinguruma, na vumbi jeupe lilikuwa limefunika hata majani ya migomba. Mwenye kinu, Omwenga, alikuwa amesimama chini ya turubai akiangalia watu wake.

"Sasa ndio unakuja?"

"Nilikuwa hospitali, mzee. Wanasema hii mekyuri ni sumu. Tunaomba glavu."

"Tunaomba? Wewe na nani?" Omwenga alicheka, na wanaume wa kinuni wakacheka naye. "Dhahabu inasikiwa na mkono, mama. Ukivaa glavu utasikia nini? Mimi nimeishika kabla uzaliwe, na niko na watoto tisa. Kama umechoka, sema. Nafasi yako imeshapata mtu."

Ilikuwa kweli. Kwenye karai lake alikuwa amechuchumaa Bonareri, ambaye siku zote alikuwa anabeba maji; mumewe alichimba pamoja na Mochama. Tumbo lake la mimba lilikuwa limefika karibu na magoti. Alikuwa ameingiza mikono yote miwili mchangani hadi vifundo vya mikono.

Nyasuguta alichuchumaa karibu naye. "Toa mikono," akamwambia kwa Kikisii, polepole. "Nimeambiwa leo. Hiyo inaingia mpaka kwa mtoto."

Bonareri aliinua macho, akaangalia tumbo lake, kisha akamwangalia Omwenga. "Nikitoa atanifukuza, dada. Hata kazi ya maji hatanirudishia."

"Toa."

"Na wewe je?"

Nyasuguta alilivuta karai upande wake. Aliishika mikono ya Bonareri mmoja mmoja, akaitoa kwenye tope, akaifuta kwa leso yake mpaka kati ya vidole.

"Nenda unawe na sabuni. Sana. Halafu uchukue mtungi."

Omwenga aliona mikono imebadilika kwenye karai, akatoa chupa ndogo mfukoni, akaja kumimina zebaki. Hakuuliza lolote, mradi kazi haikusimama.

Nyasuguta alikunja mikono ya sweta hadi viwikoni, akaanza kukanda.