Samaki Wasiotaka Chumvi

Mume alipohamia kwa mwanamke mwingine, aliacha agizo moja tu: "Niangalizie samaki wangu." Watoto hakuwataja.

Mke akawaangalia, akawachanganyia maji ya chumvi kila wiki kama mjakazi wao, mpaka siku yalipomfika shingoni. Wale samaki wa baharini akampa muuza samaki wa mapambo, mawe ya matumbawe akayatupa jalalani, tangi akalisugua kwa siki hadi ukoko mweupe wa chumvi ukang'oka. Kisha akajaza maji ya bomba, akayaacha yatulie dawa itoke, akatia visamaki vya maji baridi, vya bei ya kutupa, visivyojua makuu.

Jumapili bwana akaja. Hakupiga hodi, hakusalimu. Akaenda moja kwa moja kwenye tangi, akachovya kidole, akakilamba. Ndivyo alivyopima chumvi siku zote; vipimo vya dukani alisema ni vya wavivu. Akatema.

"Maji gani haya? Samaki wangu wako wapi?"

"Wako salama kuliko mwanao," mke akamjibu, huku akipanga chupa ya chai na kanga safi kwenye kikapu. "Kitinda mimba wako amelazwa, leo wiki ya pili. Nimekupigia simu mpaka nimechoka. Ndiko ninakokwenda."

Bwana akainama, akachungulia ndani ya kioo. Mke akadhani safari hii maneno yamemwingia.

"Na mawe yangu," akauliza taratibu, "umeyapeleka wapi?"