Kikohozi cha Bwana Akil

Mejumaa wa Kibokoni alichekesha watu arusini, na kazi hiyo aliifanya kwa jasho, kama mtu atwangaye. Miaka ile gari la moshi lilipokuwa bado jambo la kwenda kutazamwa, wanawake wa Mji wa Kale wakikusanyika kumpamba bibi arusi, yeye, mwanamke mwenzao, ndiye aliyevaa kanzu na kilemba akaigiza wanaume. Waliodhani ni kipaji tu hawakumwona asubuhi barazani na vitumbua vyake, akimkodolea macho kila apitaye: huyu avuta goti, yule hujikuna ndevu kabla ya kusema uwongo. Akirudi chumbani huyarudia hayo mpaka mgongo umwume.

Lakini arusi iliyopita watu hawakucheka. Aliigiza ovyo ovyo, mwanamume yeyote tu, na wageni wakaendelea kula halua. Sasa Bi Alawiya alikuwa akimwoza bintiye Jawahir, na alimwambia Mejumaa waziwazi kwamba hii ndiyo nafasi yake ya mwisho. Akishindwa, nyumba za Kibokoni zitamtafuta mwingine. Usingizi ulimruka Mejumaa. Bila arusi angekuwa muuza vitumbua basi.

Akaamua kumwigiza mwenye nyumba mwenyewe, Bwana Akil, mume wa Bi Alawiya. Alijifunza bakora yake inavyogonga, kifua kinavyotangulia, na hasa kile kikohozi. Maana mwanamume mstaarabu haingii penye wageni wa kike, hata kama nyumba ni yake, mpaka akohoe kwanza dakani, nje ya mlango, wanawake wapate kujifunika. Bwana Akil alikohoa kama mlango mzito unaofunguliwa. Mejumaa alikishughulikia kikohozi hicho mpaka koo likamkauka.

Siku ya kumpamba bibi arusi, ukumbi ulijaa, wanawake vichwa wazi na asmini nyweleni. Mejumaa akasimama dakani na ndevu zake za katani, akagonga bakora, akakohoa.

Hakucheka mtu. Ukumbi mzima uliruka. Huyu alivuta leso ya mwenziwe, yule alijitupia mkeka, sinia la halua likapinduka, na bibi arusi akaburutwa chumba cha ndani asmini zikimdondoka. Mejumaa alipoingia alikuta mito mitupu, na Mwanakuu mpiga ngoma, ambaye kwa unene wake hakimbii na ngoma mapajani.

"Umemleta mwenyewe," Mwanakuu akamwambia. "Nani atamcheka Bwana Akil nyumbani kwake?"

Ndani alisikika Bi Alawiya akiuliza kwa hasira mumewe ameingiwa na wazimu gani leo. Hapo Mejumaa akaona alipokosea. Kazi ilikuwa njema mno. Hakuacha hata kijitundu cha watu kumchungulia Mejumaa aliye ndani ya kanzu. Akavua makubadhi, akatoa mfukoni vikuku vyake vya fedha, akavivaa miguuni, akaelekea mlango wa ndani kwa mwendo ule ule wa kibwana, kifua mbele, ndevu juu, na kila hatua vikuku vikilia. Akakohoa tena.

Macho yakachungulia kutoka ndani ya leso, yakashuka mpaka kwenye vikuku. Mmoja akakoroma kwa kicheko, na wengine wakamwangukia wakicheka.

Bi Alawiya hakucheka. Alimtazama huyo bwana juu mpaka chini, kisha akamsogezea kiti.

"Kaa hapo, bwana. Miaka yote wasema wewe, leo nasema mimi. Tangu unioe, kwako mchuzi hauna chumvi, wali una maji, lakini sahani yarudi imelambwa. Nani aliyeilamba, paka?"

Mejumaa alikuwa na jibu ulimini, zuri kuliko yote aliyoyatayarisha. Akalimeza. Akainamisha kichwa na kukohoa kidogo tu, kikohozi cha mtu aliyefiwa.

Nyumba ikatikisika kwa kicheko. Kila alivyonyamaza ndivyo Bi Alawiya alivyozidi, na nyuma yake wengine wakajipanga, kila mmoja na maneno yake kwa mume. Jasho lilimtiririka Mejumaa chini ya kilemba. Maishani mwake hakuwahi kufanya kazi ngumu kama kukaa kimya kwenye kiti kile.

Mwisho Bi Alawiya alijifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya leso, akamshika bega.

"Leo hatumalizi," akasema. "Arusi ya mdogo wake Jawahir utakuja tena. Bado sijafika kwenye habari za mamako, bwana."